Bandu Bandu Huisha Gogo: Israfu ya Betri Majumbani Mwetu

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea na makala haya nakuomba unyanyuke kidogo, uende pale ilipo redio yako, ufungue kile kifuniko cha nyuma utazame. Huenda ukakuta betri mbili au nne za kutupa, zile za rahisi zinazouzwa kila duka la mtaani. Kisha fungua mtoto wa meza. Humo utakuta nyingine tatu au nne zilizokwisha, ambazo hukuzitupa kwa sababu ulisikia kwamba ukizianika juani zitapata nguvu ya siku mbili. Na ukitoka uani, karibu na jaa, utakuta nyingine tena, zimevimba na kutoa majimaji meusi, na pengine mtoto mdogo ameshika moja anaigonga kwa jiwe apate kuona kilichomo ndani. Hayo ndiyo ninayotaka tuzungumze leo.

Najua wako watakaocheka na kusema: "Betri! Mwandishi huyu amekosa la kuandika? Watu wana madeni, wana ada za shule, wana maradhi, naye atuletea habari za betri za redio!" Nami nitawajibu kwamba ni kwa sababu ya hayo madeni na hizo ada ndipo nikashika kalamu. Wazee wetu walisema bandu bandu huisha gogo. Nyumba nyingi hazikufilisiwa na jambo moja kubwa. Zimefilisiwa na shilingi kidogo zinazotoka kila siku kupitia mlango usiotazamwa na mtu, na mlango mmojawapo ni huu wa betri.

Tena tazama ajabu yetu. Redio ile ile tunaifungua alfajiri kusikiliza Kurani, na magharibi tunaifungua kusikiliza mawaidha. Sheikh anatueleza ubaya wa israfu, nasi twatikisa vichwa na kusema ni kweli kabisa. Kumbe sauti yake inatufikia kwa betri tutakayoitupa baada ya wiki tatu, tukanunue nyingine, tuitupe na hiyo. Mahubiri ya israfu yanaendeshwa kwa israfu!

HESABU TUSIYOIPIGA

Mzigo huu si mgeni. Mwaka 1949, katika nchi iliyokuwa ikiitwa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, ilitolewa redio ya bei nafuu kwa ajili ya Waafrika wasio na umeme majumbani. Kwa sababu ya umbo lake watu waliiita "redio ya sufuria". Bei yake ilikuwa pauni 5, na betri yake peke yake pauni 1 na shilingi 5, na betri hiyo ilikuwa ikitosha yapata saa 300 za kusikiliza. Yaani kila saa 300 zilipokwisha, mwenye redio alitoa tena robo ya bei ya redio nzima. Akibadilisha betri mara nne, amekwisha kulipa redio ya pili asiyoiona kwa macho.

Baadaye zikaja redio ndogo za transista zinazotumia umeme mchache sana, na watu wetu kutoka Lamu mpaka Unguja wakazibeba mkononi, wakazitundika mashuani na kwenye matawi ya miembe shambani. Zikafuata redio kaseti. Kaseti ina mota inayozungusha utepe, na mota hula betri kwa pupa. Waliokuwa na umri wakati huo wanakumbuka: betri ikianza kufa, utepe huburuta, na sauti nzuri ya msomaji au ya mwimbaji wa taarabu hugeuka ikawa nzito kama ya mtu mwenye usingizi. Leo tunazo redio ndogo za kuchomeka memori kadi, na vipaza sauti vya kuunganisha na simu bila ya waya. Vyombo vimebadilika, lakini uzembe wa kutopiga hesabu ungalipo.

Basi tupige hesabu pamoja, mimi na wewe. Tuseme redio yako inatumia betri kubwa mbili, nawe unaisikiliza asubuhi na jioni, na jozi moja inakutosha wiki tatu. Mwaka una wiki 52, kwa hivyo utanunua jozi 17, nazo ni betri 34. Tuseme jozi moja ni shilingi 100. Ikiwa dukani kwako bei ni nyingine, iweke hiyo. Kwa mwaka umetoa shilingi 1,700, na kwa miaka kumi shilingi 17,000, na mkononi mwako hukubakiwa na kitu ila betri 340 mbovu ambazo hujui umezitupa wapi. Hiyo ni nyumba moja, redio moja. Chukua mtaa wenye nyumba 100 zinazofanya kama wewe: kila mwaka betri 3,400 zinaingia katika ardhi ile ile tunayochimba visima.

Sasa geuza upande wa pili. Betri nne nzuri za kuchaji pamoja na chaja yake, tuseme zimekugharimu shilingi 3,000. Ni fedha nyingi kutoa kwa mara moja, sikatai. Lakini mwaka wa pili haujaisha fedha yako imekwisha kurudi, na betri zile zingali zinafanya kazi, kwani betri nzuri ya namna hii huchajiwa mamia ya mara kabla ya kuchoka. Ama umeme wa kuzichajia usikutishe. Uniti moja ya umeme hutosha kuchaji zaidi ya betri ndogo 100, hata ukihesabu unaopotea njiani katika chaja.

UTANIAMBIA, NAMI NITAKUJIBU

Utaniambia: "Betri za kuchaji hazina nguvu. Zimeandikwa volti 1.2, na hizi zetu ni volti 1.5."

Ni kweli zimeandikwa hivyo, lakini maandishi hayo hayakueleza habari yote. Betri ya kutupa huwa na volti 1.5 pale inapotoka dukani tu. Tangu saa ya kwanza ya kazi huanza kushuka kidogo kidogo, ikapita 1.3, ikapita 1.2, ikafika 1.0 na chini yake. Ama betri ya kuchaji ya nikeli na haidrojeni hubaki karibu na 1.2 kwa sehemu kubwa ya uhai wa chaji yake, kisha huanguka ghafla inapokwisha. Redio nyingi zimetengenezwa zikijua kwamba betri zitashuka, na kwa hivyo hufanya kazi vizuri katika volti hiyo. Na katika vyombo vinavyovuta umeme mwingi, kama kaseti, betri ya kuchaji huishinda ya kutupa, kwani haichoki upesi inapovutwa kwa nguvu. Vipo vyombo vichache ambavyo taa yao huonyesha kwamba betri imekwisha hali haijaisha. Chombo cha namna hiyo kijue, wala usihukumu vyote kwa kimoja.

Utaniambia: "Nilikuwa nazo zamani. Nilizichaji nikaziweka, na nilipozihitaji nikazikuta zimekufa."

Hapo una haki. Betri za kuchaji za zamani zilikuwa zikivuja chaji yake zenyewe, na kwa mwezi mmoja zingeweza kupoteza robo yake au zaidi hata bila ya kutumiwa. Lakini tangu mwaka 2005, kampuni ya Sanyo ya Japani ilipotoa zile za eneloop, ziko betri zinazohifadhi sehemu kubwa ya chaji yake hata baada ya kuwekwa mwaka mzima, na baadaye makampuni mengine yakatoa za namna hiyo. Kwa hivyo ugonjwa uliokukimbiza umekwisha kupata dawa yake, nawe bado unakimbia.

Utaniambia: "Redio yangu hutumia betri kubwa, na za kuchaji nyingi ni ndogo."

Upo mfuko wa plastiki wa kuvalisha betri ndogo ikawa na umbo la kubwa, na bei yake si ya kutisha. Sitakuficha lakini: betri ndogo ya kuchaji haina akiba sawa na ile kubwa ya kutupa. Mahali ulipokuwa ukipata wiki tatu, utapata pengine wiki moja, kisha utachaji. Ndiyo sababu nikasema ununue nne: mbili ziwe kazini na mbili ziwe tayari zinangoja. Ikiwa kuchomeka chaja mara moja kwa wiki ni kazi nzito kwako, basi tusilalamike tena juu ya ugumu wa maisha.

Utaniambia: "Kwetu hakuna umeme."

Kama ni hivyo kweli, una udhuru, wala mimi sikulaumu. Lakini jiulize: simu yako unaichaji wapi? Mahali hapo hapo, iwe ni dukani, msikitini au kwa kibao cha jua cha jirani, betri zako nazo zitachajiwa. Mwenye kuhangaika kuchaji simu kila siku hawezi kusema kuchaji betri mara moja kwa wiki kunamshinda.

WAPUNJAO VIPIMO

Ndugu msomaji, usidhani lawama yote naitupa juu ya mnunuzi. Iko sehemu kubwa ya lawama kwa wauzaji, na hapa nitasema bila ya kuuma maneno.

Siku moja nilinunua betri kubwa mbili za kuchaji katika duka moja la mjini. Juu yake pameandikwa kwa wino wa dhahabu kwamba ujazo wake ni 10,000, zile hesabu zinazoandikwa pembeni mwa herufi mAh. Hesabu hiyo ndiyo kibaba cha betri. Ndiyo inayokwambia umenunua umeme kiasi gani. Nilipozitia katika redio zikaisha baada ya siku chache tu. Nikaingiwa na shaka, kwani mkononi zilikuwa nyepesi. Nikazipeleka kwa sonara jirani akanipimia moja kwa mizani yake: haikufika gramu 70, hali betri ya kweli ya ujazo ule hupata gramu 150 au zaidi. Nikamwomba fundi wa redio aipasue kwa uangalifu. Ndani ya lile gamba kubwa tukakuta betri moja ndogo, imezungukwa na karatasi na hewa tupu.

Nikarudi dukani. Kijana wa duka akanitazama, akanambia: "Ami, hizi ndizo zinazonunuliwa. Watu wapenda namba kubwa."

Nikamwuliza: "Na wewe wajua kilichomo ndani?"

Akasema: "Ami, sote twajua."

Sote twajua! Neno hilo liliniuma kuliko fedha niliyopoteza. Muuzaji wa mchele akitia jiwe katika mizani, mtaa mzima utamlaani. Muuzaji wa mafuta ya taa akitia maji, ataitiwa polisi. Lakini huyu anayeuza kibaba kimoja kwa jina la vibaba vinne, twamwita mfanyabiashara hodari. Iko sura nzima katika Kurani iliyopewa jina la wapunjao vipimo. Je, tunadhani kipimo ni pishi na ratili tu? Hesabu iliyoandikwa juu ya betri ni kipimo, na mwenye kuiandika kwa uwongo anapunja, na mwenye kuiuza naye anajua, amechangia.

Basi shika ngao hii mkononi. Betri ndogo ya kuchaji ya nikeli, ile ya ukubwa wa kidole, ujazo wake wa kweli ni kati ya 1,900 na 2,700 hivi. Ukiona imeandikwa 4,000 au 5,000, irudishe pale pale, kwani huo ni uwongo. Zile nene kidogo za lithiamu zinazotiwa katika vipaza sauti na tochi, za namna ya 18650, nyingi nzuri huishia kwenye 3,500. Ukiona pameandikwa 9,900, basi jua umeandikiwa uwongo bila ya haya. Na betri kubwa iliyo nyepesi kama ganda la yai usiinunue hata ikiwa imepakwa dhahabu.

NENO "YA KUCHAJI" LISIKUHADAE

Sasa nakuja kwa wale wanaosema: "Mimi si katika hao, redio yangu ni ya kisasa, yachajiwa kwa waya wa simu." Ngoja kwanza, ndugu yangu. Si kila kinachochajiwa kinaokoa mali.

Redio ndogo nyingi za memori kadi zilizojaa majumbani mwetu hutumia ile betri bapa ya lithiamu ya simu za zamani za Nokia, inayoitwa BL-5C. Uzuri wake ni kwamba inatoka na kubadilishwa kwa ukucha tu. Redio ikiwa nzima na betri imechoka, unabadilisha betri na maisha yanaendelea. Hilo ndilo jambo la kulitafuta unaponunua chombo.

Lakini sasa vimeingia vipaza sauti vilivyogundishwa pande zote, na vile visikizi vidogo vya kutia masikioni visivyo na waya. Betri zake zimefungiwa ndani kwa gundi. Baada ya miaka miwili au mitatu betri huchoka, na mwenye kisikizi hana njia ya kuitoa, basi hutupa chombo kizima. Je, hiyo si betri ya kutupa iliyovalishwa kanzu? Tena ni mbaya zaidi, kwa sababu zamani ulitupa betri ukabaki na redio, na leo watupa redio pamoja na betri yake. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeliona jambo hili na kutunga sheria mwaka 2023, kwamba kuanzia Februari 2027 betri za vyombo vya mkononi ziwe ni za kutolewa na kubadilishwa na mwenye chombo mwenyewe, isipokuwa katika hali maalumu zilizotajwa humo. Sisi hatuna haja ya kungojea sheria ya mtu. Dukani uliza swali moja tu: "Betri yake ikifa, nitaibadilishaje?" Muuzaji akikosa jibu, nawe kosa fedha ya kumpa.

Na lithiamu ina hatari ambayo betri za zamani hazikuwa nayo. Mwezi wa Agosti 2007, kampuni ya Nokia ilitangaza kwamba betri zipatazo milioni 46 za BL-5C, zilizotengenezwa na Matsushita ya Japani kati ya Disemba 2005 na Novemba 2006, zingeweza kupata moto kupita kiasi zikiwa katika chaji, ikajitolea kuwabadilishia wenyewe. Matukio yaliyokuwa yameripotiwa duniani kote yalikuwa yapata 100, wala hapakuwa na aliyeumia vibaya. Fikiri basi: kampuni yenye jina lake ilihofu kwa ajili ya matukio 100 katika betri milioni 46. Na ile betri yako isiyo na jina la aliyeitengeneza, ikiungua chini ya mto wa mwanao usiku, ni nani atakayejitokeza?

Kwa hivyo usiweke chombo kinachochajiwa chini ya mto wala juu ya godoro. Usikiache juani wala ndani ya gari lililofungwa vioo. Betri ya lithiamu iliyovimba usiitoboe, usiibonyeze, wala usiichaji tena hata mara moja. Na ile chaja ya kubana betri kwa vijino viwili, ambayo watu huiacha usiku kucha, iogope, kwani nyingi katika hizo hazijui pa kusimama betri inapojaa.

KABURI LA BETRI

Betri iliyokufa tunaizika wapi? Wengi wetu huitupa chooni. Wengine huitupa jaani na jaa likachomwa moto, na moshi wake ukaingia vifuani mwa majirani. Zamani hata mbao za skuli zilipakwa weusi uliotolewa ndani ya betri, na watoto ndio waliotumwa kuupasua kwa mikono yao.

Mjue kwamba miji yetu ya pwani imejengwa juu ya mwamba wa matumbawe, na mwamba huu una matundu kama sifongo. Kinachoingia katika shimo la choo hakikai pale kilipo. Hutambaa na maji mpaka kisimani. Betri za kutupa za siku hizi, kusema haki, nyingi hazina zebaki kama zile za zamani. Lakini zina zinki na manganizi, na za rahisi zisizojulikana zitokako hatuna wa kutudhaminia kilichomo. Betri za kuchaji za kale nazo zilikuwa na madini yanayoitwa kadimi, na kadimi ni sumu ya figo na mifupa. Katika bonde la mto Jinzu huko Japani, kadimi iliyotoka katika mgodi iliingia mtoni na katika mashamba ya mpunga, watu wakalainika mifupa mpaka ikavunjika, na maumivu yao yakaupa ugonjwa jina lake. Serikali ya Japani ilikiri chanzo hicho mwaka 1968. Kwa hivyo, kama unazo betri za kuchaji za zamani zilizoandikwa NiCd, hizo hasa ndizo usizitupe ovyo, na unaponunua mpya chukua zilizoandikwa NiMH, ambazo hazina kadimi.

Wala tusiende mbali mpaka Japani. Hapa Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, kilikuwako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi. Betri zile si za redio, na sumu yake ni nyingine. Lakini ona mafunzo yake. Watu wengi waliotoa betri zao kuukuu walidhani habari yake imekwisha. Kumbe zilikwenda kutiwa sumu katika damu za watoto wa mtaa ule. Phyllis Omido na wenziwe walipiga kelele miaka mingi, kiwanda kikafungwa mwaka 2014, na Julai 2020 mahakama ya Mombasa ikaamuru wenyeji walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kesi ikaendelea kwa rufani, mpaka Disemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikairudisha hukumu ile. Fidia ni haki yao, lakini mtoto aliyekwisha kuharibika ubongo kwa risasi harudishwi na fidia.

Na kuna jambo la watoto ambalo ni la dharura kuliko yote. Zile betri ndogo mviringo kama kifungo, zinazotiwa katika rimoti za redio na vipaza sauti, mtoto akimeza na ikakwama kooni, huunguza koo lake kwa muda wa saa mbili tu. Usingoje mpaka kesho wala usijaribu dawa ya nyumbani. Mkimbize hospitali saa ile ile.

WAJIBU WETU

Basi tufanye nini? Sikuja kukwambia uitupe redio yako, wala uache kusikiliza. Nakwambia fanya haya, nayo ni mepesi.

Nunua betri za kuchaji zilizo nzuri, zenye jina linalojulikana na hesabu isiyo ya uwongo. Nunua na chaja inayojua kusimama betri inapojaa. Ile ya rahisi isiyosimama huzipika betri zako usiku kucha. Usichanganye katika redio moja betri ya kuchaji na ya kutupa, wala mpya na kuukuu, kwani iliyo dhaifu huharibiwa na wenziwe. Usitie betri ya kutupa katika chaja ya kuchajia. Inaweza kuvuja au kupasuka. Redio usiyoitumia mwezi mzima itoe betri zake, kwani betri ikivuja hula zile springi, na hewa yetu ya chumvi humalizia palipobaki. Betri zilizokufa ziweke katika kopo kavu lenye kifuniko, mbali na watoto, na zile za lithiamu zizibe ncha zake kwa utepe wa plastiki. Kopo likijaa lipelekwe kwa wakusanyao taka za umeme, wala lisiende chooni.

Na nyinyi mlio na maduka, nawasemeza kwa heshima. Sheria ya Kenya ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 imekwisha kuwatwika wenye kutengeneza na kuingiza bidhaa wajibu wa kuzifuata bidhaa zao mpaka mwisho wake. Msingoje kusukumwa. Wekeni ndoo moja mlangoni ya kupokea betri zilizokufa, na wabaneni wanaowaletea mizigo wazichukue. Na ile betri ambayo "sote twajua" kwamba ni hewa tupu, iondoeni rafuni. Faida yake ni ndogo, na hesabu yake mbele ya Mwenyezi Mungu si ndogo.

Nawe mama wa nyumba, ambaye mara nyingi ndiwe mwenye kutoa fedha ya betri kutoka katika ile ya kitoweo, usikubali kuombwa shilingi za betri kila wiki tatu bila ya kuuliza. Chukua kopo, na kila inapotaka kununuliwa jozi ya betri za kutupa tia humo kiasi kile kile. Baada ya miezi michache utakuwa umeanza kukusanya bei ya chaja na betri zake, na siku hiyo mtoe mtoto mkubwa aende dukani akiwa na maswali haya mkononi.

Ndugu msomaji, usiku wa leo utakapofungua redio yako, sikiliza vizuri. Ukisikia sauti inaanza kufifia, jua umefika mahali pa kuchagua: utatuma mtoto dukani akalete jozi nyingine ya kutupa kama jana na juzi, au utakata shauri. Gogo bado lipo. Lakini shoka haliachi kubandua.

Mwenyezi Mungu atupe akili ya kuhifadhi alivyoturuzuku, na atuepushe na kuwadhuru majirani zetu na watoto wetu kwa mikono yetu wenyewe. Amin.